Dobi na Mchimba Mchanga

Dobi alishusha ndoo kisimani. Alizoea kusikia chubwi! Siku hiyo alisikia pu! Ndoo ilikuwa imegonga tope.

Alivuta kamba taratibu. Ndoo ilipanda na maji kidogo, mekundu, hata nusu hayakufika. Kando yake lilimngoja rundo la shuka za zahanati. Kazi yake ilikuwa kuzifua na kuzipiga pasi. Wanawake waliojifungua walizilalia.

"Mbona umeduwaa?" mumewe aliuliza. Alikuwa anatoka mtoni, sepetu begani. Yeye alichimba mchanga humo, nyuma ya nyumba yao, na malori yalikuja kuuchukua kwa ajili ya ujenzi. Mto wenyewe ulikuwa umekauka, umebaki mchanga mtupu.

"Baba Pacha, kisima kinakauka."

"Ni kiangazi tu. Mvua ikinyesha kitajaa."

"Hata mwaka jana kulikuwa na kiangazi. Maji hayakushuka hivi."

"Basi usikitazame sana, utakipandisha presha!"

Dobi aligeukia rundo la shuka. Wajawazito wanne walikuwa karibu kujifungua, na zahanati ilibakiwa na shuka safi mbili.

Alikwenda kwa jirani. Kisima cha jirani nacho kilikuwa tope. Akarudi, akafua kwa yale maji mekundu. Shuka zikatoka na madoa kama ya kutu. Muuguzi alizitazama, akamrudishia.

"Pole, dada. Siwezi kumlaza mtoto mchanga juu ya hizi."

Kesho yake dobi alimwita fundi wa visima, mama mmoja wa makamo mwenye buti za mpira. Fundi alichungulia kisima, kisha akashuka moja kwa moja hadi mtoni. Dobi alimfuata. Huko yalikuwapo mashimo makubwa. Mengine yalikuwa yamefika kwenye mwamba.

"Nani anachimba hapa?" fundi aliuliza.

Dobi aliinamisha kichwa. Mumewe akatoka kwenye shimo moja, akasogea mbele.

"Ni mimi, mama. Kwani kuna ubaya? Mto unaleta mchanga kila mwaka."

"Unaleta kidogo. Wewe unachukua mwingi."

Fundi alimwaga kopo la maji juu ya mwamba. Yakateleza, yakapotea. Kopo la pili alilimwaga juu ya mchanga. Yakazama yote.

"Umeona? Mchanga unayanywa maji ya mvua. Unayaficha, jua lisiyakaushe. Halafu unayapeleka kisimani polepole, kiangazi kizima. Ukiuondoa wote, mvua itapita mbio na hamtabaki na kitu."

Baba Pacha alijifuta jasho. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekausha kisima cha mke wangu?"

"Na vya majirani."

Dobi alimtazama mumewe. Je, atakasirika? Ataendelea kuchimba?

"Sasa tutaishije?" mumewe aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hujakatazwa kuchimba," fundi alisema. "Nenda kule chini kwenye kona, mbali na visima, mchanga unakorundikana. Chota wa juu tu, usifike kwenye mwamba. Na hapa jengeni ukuta mfupi wa mawe, ukatize mto. Utazuia mchanga, na mchanga utazuia maji."

Baba Pacha alianza siku ileile. Majirani walinuna kwanza, kisha wakaja na mawe. Wiki zile dobi na mumewe walisukuma mkokoteni wa madumu kutoka mbali, ili shuka zisikose kufuliwa.

Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, dobi alisimama ukingoni. Maji yalinguruma. Povu likaruka juu ya ukuta. "Utabomoka," alinong'ona. "Jamani, utabomoka!"

Haukubomoka. Maji yalipopungua, nyuma ya ukuta mchanga mpya ulikuwa umefika magotini.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali. Hata hivyo kisima kilitoa maji meupe, asubuhi na jioni, na cha jirani vilevile. Shuka za zahanati zilijaa kwenye kamba.

Siku moja lori lilisimama nyuma ya nyumba. Dereva alitoa kichwa dirishani.

"Baba Pacha, nipakilie hapahapa, kule kwenye kona ni mbali. Mara moja tu. Nani atajua?"

Baba Pacha alitikisa kichwa.

"Kisima kitajua," alisema, akamwonyesha njia ya kwenda kwenye kona.