Sauti Iliyoita Mara Moja

Magharibi ilimkuta Alfani akizitia mafuta kandili za kiwanja cha ndege cha Ukunda. Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Mzungu aliyekuwa akizungumza na marubani kwa redio alikwisha rudi kwao, na kiti chake alikirithi Alfani. Jioni ile ilitazamiwa ndege moja tu, ya rubani Thoya, kutoka Dar es Salaam. Ndani yake alikuwamo Biasha, mkewe Alfani, aliyepasuliwa macho, angali amefungwa bendeji usoni.

"Shemeji akifunguliwa akaiona sura hiyo," alitania Chome, mlinzi wa kiwanja, "ataomba afungwe tena!"

"Nyamaza, bwana. Tazama kule."

Upande wa Majoreni, kusini itokeako ndege, mbingu ilikuwa nyeusi kama kitako cha chungu. Upepo ulikufa. Ikaja harufu ya ubani, na hapakuwa na nyumba karibu...

Alfani akaingia kibandani. Redio ikakwaruza.

"Ukunda."

Mara moja. Kisha kimya.

Kazini alifunzwa kwamba rubani huita mara mbili, kisha hujitaja. Nyumbani alifunzwa kitambo zaidi na bibi yake, Mwanapili: likuitalo mara moja magharibi usiliitikie, mtu hurudia. Walimu wawili, funzo moja. Lakini moyo wenye hofu haungoji. Alfani akabonyeza kitufe.

"Ukunda hapa. Nakusikia."

Hakujibiwa. Alisikia pumzi tu... ndefu, kama ya mwenye kiu aliyekwisha kunywa.

Mvua ikashuka. Kandili zikazimika uwanja mzima. Ndipo alipokuja Thoya mwenyewe, akaita mara mbili na kujitaja ipasavyo.

"Nimo ndani ya wingu. Bahari siioni, nchi siioni. Niteremke, au nigeukie Mombasa?"

"Geuka!" Alfani alipiga ukelele. "Usiteremke! Geukia Mombasa!"

Na redio ikanena, kwa sauti yake yeye Alfani, taratibu, kwa adabu:

"Teremka, Thoya. Kweupe huku."

"Ahsante, bwana Alfani. Nateremka."

"Siye mimi! Thoya, siye mimi!"

"Teremka. Taa zote zinawaka."

Ngurumo ya injini ikapita juu ya paa, chini mno. Minazi ikavunjika. Ardhi ikatetema.

Kisha mvua peke yake.

"Baki uwaite Mombasa walete msaada!" Chome alisema mlangoni, akaichukua tochi na kutokomea mvuani.

Alfani akaita. Lakini kila alipofumbua kinywa, ile sauti ilimtangulia: "Salama, Mombasa. Ndege imeshuka salama." Akafumba kinywa. Akauma ncha ya kanzu yake, asije akaitikia chochote tena.

Hapo ndipo aliposikia, nje ya mlango:

"Bwana..."

Biasha. Hivyo ndivyo amwitavyo nyumbani.

Mara moja.

Alfani akasimama, mkono juu ya komeo. Rudia, akaomba moyoni. Rudia mara ya pili tu, mke wangu, nikufungulie. Mvua ilipiga mabati. Harufu ya ubani ilipenya chini ya mlango, imechanganyika na ya mafuta ya ndege.

Hakurudia.

Mvua ilipokatika zikaja hatua za Chome, kisha yowe lake. Alfani akafungua. Biasha alikuwa amelala kizingitini, bendeji zimelowa damu, kiganja kimeegemezwa kwenye ubao wa mlango. Mwili ungali na vuguvugu.

Chome alimtazama Alfani kama amtazamavyo mtu asiyemjua.

"Kwa nini hukumfungulia?"

"Aliita mara moja," Alfani alinong'ona. "Nikaogopa. Sikunena neno, Chome. Wallahi, sikunena."

"Usiape uwongo mbele ya maiti! Nilikuwa kule minazini, nikakusikia kwa masikio yangu. Aliita, ukamwitikia. Nikasema alhamdulillahi, amepapasa hadi amefika kwa mumewe. Nikaendelea kumtafuta Thoya."

"Nilimwambia nini?"

Chome akayarudia neno kwa neno.

"'Nakusikia, mke wangu. Usigonge. Ngoja hapo hapo.'"

Naye Biasha akangoja. Asiyeona, ameambiwa na mumewe angoje.

Alfani akafumbua kinywa alie. Hakikutoka kitu.

Kilio kilitoka nyuma yake, redioni.