Faili la Maji ya Kisima

Faili lilitoweka siku moja kabla ya kukabidhiwa kwa mwombaji.

Inspekta aliinama akakagua mlango wa masjala ya idara ya afya. Kufuli lilikuwa zima. Mafaili mengine yalitulia na vumbi lake.

"Lilikuwa la nini?" aliuliza.

"Vipimo vya maji ya kisima cha mtaani," alijibu mtunza masjala, mzee waliyemwita Babu Faili. "Mama mmoja, fundi cherehani, aliviomba kwa barua. Mwanawe anaharisha mwezi wa pili sasa. Sheria inampa haki. Jana jioni nililiweka rafu ya juu kabisa, lisichanganyike. Sikumwambia mtu."

Fundi cherehani alikuwa kwenye benchi la ukumbini, ameshika nakala ya barua yake yenye muhuri.

"Wanasema limepotea," alisema. "Afande, faili lina miguu?"

"Halina, dada. Aliyelichukua ndiye mwenye nayo."

Funguo za masjala zilikuwa mbili: mmoja wa Babu Faili, mwingine ulikaa maabara. Inspekta akamwita mpimaji wa maji.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Uliingia masjala?"

"Sijakanyaga huko wiki nzima. Nani apande ngazi mpaka rafu ya juu kwa faili moja?"

Inspekta akaweka kalamu chini. "Nani kakwambia lilikuwa juu?"

Mpimaji akatoa ufunguo wa kabati mfukoni, akauweka mezani.

"Liko kabatini kwangu," alisema. "Nilitaka kulichoma, mkono ukakataa."

"Kwa nini uliiba?"

"Dawa za kupimia ziliisha. Niliona haya kusema. Miezi mitatu nimeandika 'maji salama' bila kupima. Barua ya yule mama ilipofika, nikajua nimeumbuka."

"Ulijua watoto wanaumwa?"

"Nilijua." Akajifunika uso, akalia.

Siku hiyohiyo maji yalipimwa kwingine. Yalikuwa na vijidudu. Kisima kikafungwa, gari la maji likaletwa mtaani.

Wiki mbili baadaye Inspekta alirudisha faili masjala. Fundi cherehani alikuwapo, na mwanawe akikimbia ukumbini huku na huko. Mama alisoma wima, kidole chini ya kila mstari, hadi karatasi ya mwisho.

"Babu," aliuliza, "na maji ya shule naweza kuyaulizia?"

Babu Faili akavuta droo.

"Fomu hii hapa, mwanangu. Chukua na ya jirani yako."