Kapu la Kuvumwani

Enzi za Mwingereza, pale Igamba, mimi Nesta niliishi na bibi yangu. Kila asubuhi nilichota maji, nikafagia uwanja, kisha nikakimbilia shule na kibao changu kwapani.

Kila Oktoba, kabla ya mvua, nilipanda ngazi kukwangua kuvumwani. Hii huota juu ya nyasi za paa, kijani na laini kama manyoya, ikashika maji hadi nyasi zioze. Macho ya Bibi yalikuwa yamefifia, kwa hiyo alipima kazi yangu kwa kapu. Likijaa, nimemaliza. Naye alikuwa na sababu: darini alitunza mbegu ya ulezi aliyorithi kwa mama yake. Aliwahi kulala njaa bila kuigusa.

Mwaka ule nilikwangua upande wa barabarani tu, unaoonekana na watu. Nyuma, chini ya mti, ngazi ilitikisika, na rafiki yangu Enesi aliniita tukacheze. Nikapata akili, akili ya panya. Nilishuka mtoni, nikabandua kuvumwani ya kwenye mawe, nikajaza kapu pomoni.

Bibi akatia mkono. "Mbona ina maji?"

"Umande, Bibi."

"Umande wa saa tisa mchana?"

"Kule nyuma kuna kivuli sana, Bibi."

Akajifuta mkono. "Haya, mama. Kacheze."

Nikacheza, tena nikamshinda Enesi.

Desemba mvua ilinyesha juma zima. Nilipopanda darini, paa la nyuma lilikuwa limeoza, na ulezi umechipua ndani ya kikapu, mweupe kama ndevu za mzee.

Nikapiga magoti. "Bibi, kuvumwani ile niliitoa mtoni."

"Najua," alisema. "Mkono wangu uliniambia. Nikaamua kuuamini mdomo wako."

Heri angenichapa.

Baba mdogo Hezron aliezeka upya upande ule na kukata matawi ili jua lifike. Tangu hapo nilikwangua pande zote mbili, bila kuambiwa. Jirani, Mama Priska, alitugawia mbegu nyingine. Tulipovuna, nilimpikia Bibi uji. Akaonja, akakaa nao mdomoni muda mrefu.

"Mtamu, Bibi?"

"Ni uji," akasema, akanishika mkono. "Uongo, mjukuu wangu, ukwangue ungali mkavu. Mvua ikishaingia, utabandua pamoja na paa."