Mpira wa Hewa Si Mpira wa Maji

Lukusa alikuwa fundi wa rangi katika mji wa Kamina. Alipaka milango ya chuma, madirisha na vitanda. Alifanyia kazi mbele ya nyumba yake, chini ya mabati manne, kando ya barabara ya kwenda stesheni. Mke wake Jenny alimsaidia. Kila asubuhi Jenny alisugua kutu kwa msasa na kuchanganya rangi. Kisha Lukusa aliwasha kompresa.

Kompresa ni mashine inayosukuma hewa na kuiweka ndani ya tangi. Hewa hiyo hupita kwenye mpira mrefu na kufika kwenye pistole ya rangi. Fundi akibonyeza pistole, rangi hutoka nyembamba kama umande.

Mwezi wa tisa, mpira wao ulianza kuwa na nyufa. Hewa ilivuja njiani na rangi ilitoka kwa matone. Nao walikuwa na vitanda kumi na viwili vya bweni la wasichana. Shule ilivihitaji kabla ya Jumatatu.

"Jenny, nenda ku soko," Lukusa alisema. "Uangalie mupira ingine. Minyi nitabakia na kazi."

Sokoni Jenny alikuta mipira ya aina mbili. Mmoja ulikuwa mweusi, mnene na mgumu kukunja. Mwingine ulikuwa wa kijani, mwepesi na laini.

"Hii ya kijani inaweza kazi ya kompresa?" Jenny aliuliza.

"Mama, mupira ni mupira," muuzaji alijibu. "Maji inapita, hewa nayo inapita. Ile nyeusi itachokesha bwana yako mukono bure."

Jenny alifikiria mkono wa mume wake. Akachukua ule wa kijani.

Nyumbani, Lukusa aliutazama mpira. "Hii haiko ya kumwangia maji mu bustani?"

"Muuzaji anasema hewa inapita."

Lukusa aliupeleka kwenye kompresa. Mdomo wa mpira ulikuwa mpana kuliko chuma cha pistole. Aliufunga kwa waya, akaukaza kwa koleo. Siku hiyo walimaliza vitanda vitano.

Kesho yake jua lilikuwa kali. Mpira ulilala juu ya udongo wa moto tangu asubuhi. Wakati Lukusa alipokuwa kwenye kitanda cha saba, Jenny aliona mpira umevimba karibu na pistole. Ulivimba kama koo la chura. Alifungua mdomo ili amwambie.

Mpira ukachomoka. Ukaruka huku na huku kama nyoka aliyekanyagwa. Ncha ya waya ikampiga Lukusa kwenye jicho la kulia.

Alilala hospitali wiki tatu. Daktari hakumficha Jenny. Alimwambia kwamba jicho lile halitaona tena.

Lukusa aliporudi nyumbani, alikaa chumbani akitazama ukuta. Hakutaka wageni. Wenye vitanda walikuja wakachukua vile sita vilivyokwisha. Vile vingine wakaviacha kwa huruma, wakasema watasubiri. Lukusa hakumlaumu Jenny hata kwa neno moja. Jambo hilo lilimwumiza Jenny kuliko matusi. Alipika na kufua. Kila alipopita kwenye mabati aliuona ule mpira, na hakuwa na nguvu ya kuuokota.

Jumapili moja, baada ya misa, jirani yao Kisimba alikuja kuwapa pole. Kisimba alikuwa mfanyakazi wa reli. Kazi yake ilikuwa kukagua breki za mabehewa, na breki hizo hufanya kazi kwa hewa. Lukusa hakutoka kumsalimu, ingawa dirisha la chumba chake lilikuwa wazi na sauti zilimfikia. Kisimba aliuona mpira chini, akachuchumaa, akaugeuza mikononi.

"Mama Jenny, njo huu ulimupiga?"

"Njo huu, papa."

"Angalia. Huku juu hakuna maandishi. Ndani hakuna nyuzi. Huu uko wa maji. Maji ya kumwangia inapita polepole. Hewa ya kompresa inasukuma na nguvu sana. Kompresa yenu iko ya bar ngapi?"

Jenny hakujua. Kisimba alimpeleka kwenye mashine. Akamwonyesha kisaa kidogo chenye mshale. "Hapa njo tunasoma nguvu ya hewa. Tunaihesabu kwa bar. Hii inafika nane. Mupira unapaswa kuzidi hapo sana. Utafute wenye wameandika AIR na 20 BAR. Ukikata ncha yake, utaona nyuzi katikati ya ngozi mbili za mpira. Zile nyuzi njo zinakataza usivimbe."

"Na waya?"

"Waya hapana. Waya inakata mpira, tena inateleza. Kuko pete ya chuma, banaiita kolie; unaikaza na tournevis, ile bisibisi. Na tundu ya mpira inapaswa kulingana na chuma ya pistole. Ikiwa pana, itachomoka hata ukaze namna gani."

Jenny alikaa chini. "Basi njo minyi nilimutoboa jicho."

Kisimba alichuchumaa mbele yake. Aliuweka mpira chini.

"Ulinunua kitu hukujua," alisema. "Mwenye alikuuzisha naye hakujua. Lukusa aliona mashaka, akafunga waya. Mutatu mulikosa pamoja. Ile jicho hairudi, mama. Lakini kuko ingine moja mu ile nyumba, na yako mbili."

Kesho yake Jenny alirudi sokoni. Alikuwa amefunga chuma cha pistole kwenye kitambaa. Alipita kwa wauzaji wanne. Alisoma maandishi kwa kidole, herufi moja moja. Kwa muuzaji wa nne alikuta mpira mweusi ulioandikwa AIR, 20 BAR. Alitia chuma kwenye tundu. Kikaingia kwa kubana.

"Chukua mita makumi tatu, utafika mbali," muuzaji alisema.

"Kumi inatosha," Jenny alijibu. "Ikiwa murefu sana, hewa inafika bila nguvu." Hilo pia Kisimba alikuwa amemwambia.

Alinunua kolie mbili, na miwani ya plastiki ya kukinga macho. Nyumbani alifunga mpira mwenyewe. Aliwasha kompresa, akapaka maji ya sabuni kwenye maungio ili aone kama hewa inavuja. Upande wa pistole povu lilitoka. Akazima mashine, akatoa hewa yote, ndipo akakaza tena. Povu halikutoka mara ya pili. Akaulaza mpira kivulini.

Kisha akavaa miwani, akashika pistole. Hakuwa amepulizia hata siku moja. Kitanda cha kwanza rangi ilitiririka, akakifuta akaanza upya. Cha pili kilikuwa bora. Akaendelea mpaka jioni. Ndani ya chumba Lukusa alisikiliza mashine.

Siku ya tatu, Ngondo alipita barabarani. Alikuwa fundi wa kuziba matairi, naye pia alitumia kompresa kuyajaza hewa. Kwenye baiskeli yake alikuwa amefunga mpira mpya, mwekundu na laini. Jenny aliuona, akazima kompresa ili amwite. Lakini sauti nyingine ilitangulia.

"Ngondo. Leta hapa."

Lukusa alikuwa amesimama mlangoni.

Aliupapasa mpira kutoka mwanzo hadi mwisho. "Wapi banaandika nguvu ya hewa?"

"Haina maandishi. Lakini muuzaji anasema—"

"Ninajua vile anasema." Lukusa aligeuza uso wake kwenye mwanga, ili Ngondo aone vizuri. "Angalia minyi."

Ngondo aliangalia. Kisha akainamisha kichwa, akageuza baiskeli kuelekea soko.

"Ngoja," Lukusa alisema. "Twende pamoja. Nitakuonyesha ule wa kununua."

Aliweka mkono kwenye kiti cha baiskeli, kwa sababu jicho moja lilikuwa bado linamdanganya kuhusu mashimo ya njia. Wakaenda polepole. Jenny alisimama akiwatazama mpaka walipopinda. Akavaa miwani tena, akawasha kompresa. Kilikuwa kimebaki kitanda kimoja.