Vifurushi Bubu

Mambo yaliharibika Jumatatu ya kufungua shule, kabla hata chai haijapoa. Nukta alikuwa anafunga kamba za viatu simu ya baba yake ilipolia. Baba alikuwa fundi cherehani; alishona sare za shule nyumbani na kuzituma kwa posta kwenye maduka madogo ya mbali.

“Fundi, sare ziko wapi?” mwenye duka mmoja aliuliza kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. “Au watoto waje shule wamejifunga mashuka?”

Simu hiyo haijakatwa vizuri, nyingine ikaita. Hatimaye baba aliiweka simu juu ya cherehani, akaitazama kama imemtukana.

“Posta hii,” alisema. “Konokono angeshafika na kurudi. Wakubwa wamekalia viti vya kuzunguka, sisi wadogo ndio tunazungushwa.”

Nukta, aliyepewa jina hilo la utani kwa udogo wake, hakucheka. Yeye ndiye aliyefunga mizigo ile. Baba hakutumia maboksi. Aliandika anwani kwenye kitambaa kigumu, kisha Nukta akakishona kuwa mfuko. Na mfuko, kama nguo yoyote, hushonwa upande wa ndani ukiwa nje, halafu hugeuzwa. Lakini siku ile wenzake walikuwa wanamsubiri nje waruke kamba. Alishona, akajaza sare, akafunga midomo ya mifuko bila kugeuza. Alipofika kaunta ya posta ndipo alipoona pindo na nyuzi ziko nje. Anwani zote zilikuwa zimebaki ndani. Alijua. Akanyamaza, akakimbilia kamba yake.

Wala hakuna aliyemrudisha. Karani wa vifurushi, jirani yao Mama Pacha, alikuwa likizo ya uzazi. Angekuwepo, asingepokea kitu bila kukisoma. Mahali pake aliwekwa kijana mmoja tu, ambaye kila mtu alimwita Kaimu. Foleni ilikuwa imefika barabarani, naye akapima mizigo ya fundi yote kwa mkupuo, akaitumbukiza kwenye gunia.

“Leo shule utachelewa,” baba alisema, akimshika mkono. “Mkaguzi wa serikali yuko posta anasikiliza malalamiko. Mizigo uliipeleka wewe, kwa hiyo wewe ndiye shahidi wangu.”

Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia shingoni. Alikaa mezani katikati ya ukumbi. Meneja wa posta alisimama upande mmoja, Kaimu upande mwingine, jasho likimtiririka.

“Kijana huyu amenipotezea mizigo,” baba alisema.

“Sijaipoteza, mzee. Niliipokea, nikaipeleka ndani.”

“Ndani wapi? Tumboni mwako?”

Foleni nzima ikacheka. Mkaguzi hakucheka.

“Huyu tutamwondoa leo hii,” meneja aliharakisha kusema. “Karani mwenyewe ataitwa kesho.”

“Likizo yake haijaisha,” mkaguzi alisema.

“Tutamwomba tu, mama.”

Na ombi la bosi, kila mtu anajua lilivyo. Nukta aliwakumbuka wale mapacha wachanga wa Mama Pacha. Jana jioni alimpakata mmoja, mwepesi kama mkono wa shati, naye mtoto akamkamata kidole na kugoma kukiachia. Kesho mama yao angekuwa hapa, akigonga mihuri.

“Baba,” alisema. “Kaimu hakupoteza kitu. Sikuigeuza mifuko. Niliona, nikanyamaza.”

Mkaguzi akainuka. “Njooni,” alisema, akafungua mlango mwembamba nyuma ya kaunta.

Nukta alisimama kizingitini, akasahau hata hofu yake. Alidhani kuna stoo ndogo huko. Kumbe palikuwa na ukumbi mkubwa, na ukuta mmoja wote, toka sakafuni hadi darini, ulikuwa matundu ya mbao, kila tundu na jina la mji wake. Nchi nzima ilikuwa imekaa ukutani. Wafanyakazi walirusha bahasha bila hata kuinua macho, zikaruka kama njiwa na kutua kwenye miji yake. Hakuna iliyokosea. Baba, aliyekuwa akiapa kwamba watu wa posta hulala tu, alivua kofia polepole.

“Hawa wote wanafanya kazi?” alinong'ona.

“Kuanzia alfajiri,” Kaimu alisema.

Mwisho wa ukumbi, kwenye rafu ya peke yake, mizigo ya fundi ilikuwa imekaa kimya, nyuzi nje.

“Hivi tunaviita vifurushi bubu,” mkaguzi alisema. “Havisemi vinakwenda wapi. Na sheria hainiruhusu hata mimi kufungua mzigo wa mtu asipokuwepo.”

Baba alitoa wembe mfukoni, akafumua mshono, akatoa sare, akaugeuza mfuko kama anavyogeuza mkono wa koti. Anwani ikatokeza kwenye mwanga, nyeusi na safi.

“Nami nilipaswa kusoma kabla ya kupima,” Kaimu alisema.

“Kijana, yale ya tumbo nayafuta,” baba alimjibu.

Mkaguzi alimwinamia Nukta. “Mwanangu, kosa ukilisema mapema hufumuliwa kama mshono huu. Ukilinyamazia, unamvisha mtu mwingine. Leo umechelewa, lakini umesema.” Kisha akamgeukia meneja. “Na wewe nitakuandikia onyo. Mtu akienda kulea, nafasi yake hujazwa na watu wa kutosha, waliofundishwa. Likizo ya yule mama haiguswi.”

Nukta alikaa sakafuni na baba yake, wakageuza na kushona, ili mizigo iwahi gari la mchana. Alipofunga mfuko wa mwisho aliinua uso.

“Mama mkaguzi, mimi nilipozaliwa mama yangu alifariki. Baba alinilaza kwenye kapu la vitambaa chini ya cherehani, akaendelea kushona. Mtu anayejiajiri nyumbani kwake, akibaki na mtoto mchanga, likizo anapewa na nani?”

Mkaguzi alivaa miwani, akaivua tena. Baba hakuinua macho kutoka kwenye sindano. Nyuma yao bahasha ziliendelea kuruka, kila moja ikitua kwenye tundu lake.