Gurudumu la Siku za Moshi

Kilichoanza ni harufu. Walburga alifungua karakana ya mumewe asubuhi, Krismasi ikiwa ndiyo kwanza imepita, akapokewa na harufu ya mbwa aliyelowa. Na wao hawakufuga mbwa.

Munich ilikuwa katika siku za moshi, zile za kungojea sikukuu ya Mamajusi, ambapo kila nyumba hufukizwa ubani na hakuna anayezungusha gurudumu, hata la kusokotea sufi. Majini wawindaji hupita angani na mbwa wao, wakitafuta chochote kinachozunguka wakipande. Kila mtu alilijua hilo. Hata mumewe, Korbinian, alilijua, ila kampuni yake changa ya pikipiki ilikuwa haijauza hata moja, na wanunuzi walikuwa njiani. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Usiizungushe, mume wangu," Walburga alimwomba. "Subiri Mamajusi wapite."

"Hayo ni ya bibi yako na sufi zake, Burgl," Korbinian alisema, akilifupisha jina lake kama kawaida. "Hili langu ni la mpira."

"Gurudumu ni gurudumu."

"Basi liulize kama linasali."

Akaisukuma pikipiki uani, akairukia. Mashine ikawaka kwa mwendo wa kuchechemea: tak-tak, kimya, tak. Korbinian alicheka, akazunguka kisima, akazunguka tena. Kisha kicheko kikakatika.

"Zima," Walburga alisema kwa sauti ndogo.

"Nimezima."

Kweli, taa ndogo ya kuwashia mashine ilikuwa imezimika, petroli ilikuwa imefungwa, na bado gurudumu la nyuma lilizunguka na kumzungusha mwanamume yule aliyeng'ang'ania usukani uso umempauka, na harufu ya mbwa ikajaa uani, na juu ya mapaa, mchana kweupe, kitu kikawa kinahema. Walburga alikimbia kumwita Padri Aloys, jirani yao.

Padri alikuja na chetezo. Alifukiza ua, akafukiza gurudumu, akasali. Mashine ikasita, ikamwangusha Korbinian kwenye theluji.

"Isilale hapa," Padri alinong'ona. "Na msiibebe kwa mkokoteni."

Wakaiburuta kwa sleji, chombo cha theluji kisicho na gurudumu, hadi mtoni, wakaizamisha. Kampuni ilizama nayo, na Walburga hakuilalamikia. Wanunuzi waende zao. Yeye alikuwa amerudishiwa mumewe.

Walipofika nyumbani alimpa supu ya moto, akamfunika blanketi. Walburga akamkumbatia, akalaza sikio kifuani pake asikilize moyo wake ukidunda. Shati lilinuka mbwa.

Tak-tak, kimya, tak.

Alitaka kujiondoa. Mikono ya mumewe ilikuwa imemkaza.

"Nimezima, Burgl," Korbinian alinong'ona, machozi yakimtoka. "Nimezima."