Mjalidi wa Maktaba ya Shule

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi tatu: kuchemsha chai, kuficha kiberiti, na kumwambia mama yake leo ni siku gani. Jina hilo la utani alilipata kwa kupenda kuongea. Wenzake walisema mdomo wake haujui kufungwa. Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo mdomo huo haukuligusa kamwe.

Mama yake alikuwa na miaka arobaini na tisa. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mjalidi katika kiwanda cha uchapaji, akishona kurasa za vitabu na kuvivisha majalada. Kisha akaanza kusahau. Alisahau sufuria jikoni, akasahau njia ya kurudi nyumbani, na mwisho kazi ikamshinda. Daktari alieleza kuwa ni ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. "Watu hudhani ni wa wazee tu," alimwambia mama, "lakini hata watu wa rika lako huupata."

Shuleni, Chiriku alidai mama yake amesafiri kikazi. Nyumbani alimtunza kama yai. Kila mama aliposhika kitu, iwe fagio, kisu cha kumenyea viazi au hata sindano, binti alikipokonya. "Acha, mama, nitafanya mimi." Mama alibaki kwenye kiti chake dirishani, akikunja na kukunjua taulo lile lile.

Siku moja Chiriku alirudi kutoka dukani akakuta kitabu chake cha sayansi, ambacho kurasa zake zilikuwa zikipukutika, kimeshonwa kikakazwa. Mgongo ulikuwa umevishwa kitambaa cha bluu.

"Umekishona wewe, mama?"

"Kilikuwa kinalia," mama alijibu. "Nimekibembeleza."

Kesho yake mwalimu wa maktaba alikigeuzageuza kitabu kile. "Fundi wa hiki ni nani? Vitabu vyangu vimechanika, na watoto wa darasa la kwanza hawana cha kusoma."

"Fundi mmoja wa mjini."

"Nipeleke kwake basi."

"Ame... amehama."

Njia ya mwongo ni fupi. Mwalimu hakumkaripia, alimtazama tu, akamrudishia kitabu.

Jioni hiyo Chiriku alimkuta mama yake akilia. "Unanifanyia kila kitu, mwanangu, na Mungu akulipe," mama alisema. "Lakini nimekuwa kama kabati humu ndani. Nafutwa vumbi, sina kazi."

Asubuhi, kabla ya kengele, Chiriku alikuwa mlangoni pa maktaba.

"Mwalimu, fundi hajahama. Ni mama yangu. Na hajasafiri, anaumwa. Anasahau. Niliona aibu." Machozi yalimtiririka.

Mwalimu alimvutia kiti. "Kuugua si kuiba, mwanangu. Umefanya vyema kusema kweli. Lakini mambo ya mama yako tusiyaamue mimi na wewe. Twende tukamuulize mwenyewe."

Walikwenda siku hiyo hiyo baada ya masomo. Baba yake Chiriku, aliyekuwa amerudi kutoka kazini, alikuwapo pia. Mama alisikiliza, kisha akauliza, "Ni kazi ya kweli, au ya kunituliza tu?"

"Ya kweli, dada," mwalimu alisema. "Vitabu mia moja na themanini."

Mama aliinuka. "Basi nitafutieni uzi mgumu na nta. Na viatu vyangu viko wapi?"

Tangu hapo, kila Jumanne na Alhamisi baba alimfikisha maktaba na kumchukua. Mwalimu alichora hatua za kazi ukutani, moja baada ya nyingine, na wanafunzi walikaa naye kwa zamu. Siku nyingine aliuliza swali moja mara sita. Walimjibu mara sita. Siku alizochoka alirudi nyumbani mapema, wala hakuna aliyemlaumu.

Kuna siku alishona kitabu kichwa chini. Mvulana mmoja akaangua kicheko, kisha akajiziba mdomo. Chiriku alitamani ardhi ipasuke. Mama alikitazama kitabu, akakigeuza, akasema, "Atakayeazima hiki itabidi asimame kwa kichwa!" Wakacheka wote mpaka mbavu zikawauma, kisha mama akaanza kuufumua uzi taratibu.

Muhula ulipokaribia kwisha, mtoto wa darasa la kwanza alikuja amekumbatia kitabu cha hadithi. "Asante, mama mjalidi," alisema. "Hadithi yangu ilikuwa haina mwisho. Sasa inao."

Mama alimshika shavu. "Asante nawe kwa kuja kuniambia."

Mwalimu aliwageukia wanafunzi. "Mmeona? Maradhi yakifichwa, mgonjwa naye hufichwa. Ugonjwa umeshamnyang'anya mama huyu mengi; sisi tusimnyang'anye yaliyobaki. Kumpenda mtu si kumfanyia kila kitu. Muulizeni anaweza nini na anataka nini, kisha kaeni karibu naye."

"Hotuba ikiisha," mama alisema bila kuinua macho, "naomba mtu anishikie ukurasa huu."

Chiriku akasogeza kiti, akaushika.